KIJANA AKINYAMAZA SANA, MUULIZE

Na Bwana Shamba, Pande, Kilwa

Leo hatuzungumzi habari za ufuta wala mikorosho. Tunazungumza habari za watoto wetu wanaokua.

Huenda utauliza: bwana shamba ana habari gani na moyo wa kijana? Jibu ni hili. Kazi yangu hunipeleka nyumba hadi nyumba. Nikimaliza kutazama shamba, hukaribishwa barazani. Hapo mzazi husema, "Bwana shamba, kijana wangu amebadilika. Hasemi, hali vizuri, hataki kutoka. Sijui amerogwa, sijui ni uvivu." Maneno hayo nimeyasikia katika nyumba nyingi. Yanataka jibu la kweli.

Soma makala haya polepole. Kama una mwenzako asiyejua kusoma, msomee kwa sauti.

MWILI HUBADILIKA, NA MOYO HUBADILIKA

Wasichana wengi huanza kubalehe wakiwa na umri wa miaka 8 hadi 13. Wavulana wengi huanza wakiwa na miaka 9 hadi 14. Msichana huota matiti, kisha huvunja ungo. Mvulana sauti yake huwa nzito, naye huanza kuota ndevu. Mambo hayo tunayajua. Tumefundishwa jandoni na unyagoni tangu enzi za mababu.

Lakini yako mabadiliko mengine ambayo hatuyaoni kwa macho.

La kwanza ni la damu. Kijana anapobalehe, mwili wake hutengeneza vichocheo vingi. Waganga wa hospitali huviita homoni. Vichocheo hivyo hutembea ndani ya damu na kuuamsha mwili ukue. Lakini havigusi mwili peke yake. Hugusa pia furaha, hasira na huzuni.

La pili ni la ubongo. Ubongo wa mtu huendelea kukomaa mpaka afike umri wa miaka 25 hivi. Nao haukomai wote kwa pamoja. Sehemu inayoleta hamu, furaha na hasira hukomaa mapema. Sehemu ya kupima mambo na kujizuia hukomaa baadaye. Kwa hiyo kijana wa miaka 14 ni kama mashua yenye tanga kubwa na usukani mdogo. Upepo kidogo tu, mashua huyumba.

La tatu ni la usingizi. Kijana anahitaji kulala saa 8 hadi 10 kila usiku. Tena katika umri huu mwili wake hutaka kuchelewa kulala na kuchelewa kuamka. Basi ukimwona mzito alfajiri, usiseme upesi kwamba ni mvivu. Na kama anakesha na simu, mzito huo utazidi.

Kwa sababu hizo, mambo haya ni ya kawaida kwa kijana:

• Kukasirika upesi, kisha kucheka baada ya muda mfupi.
• Kuona haya juu ya mwili wake.
• Kutaka kukaa peke yake mara moja moja.
• Kuwasikiliza rafiki zake kuliko wazazi.
• Kuuliza maswali mengi na kubishana.
• Kulia bila kujua sababu, halafu kupoa.

Mzazi asiogope mambo hayo. Ni dalili za kukua. Yanataka subira na maneno mazuri.

SASA TUTAZAME SHIDA YENYEWE

Wewe mkulima unajua jambo moja juu ya mahindi. Saa 7 mchana, jua likiwa kali, mahindi hulegeza majani. Huna wasiwasi. Jioni jua likipoa, yanasimama tena. Lakini ukienda shambani alfajiri na umande bado upo, ukayakuta yamelegea vilevile, hapo unajua pana shida. Unachimba na kutazama mizizi.

Kijana ni vivyo hivyo. Huzuni ya siku moja au mbili hupita. Lakini huzuni isiyoondoka, asubuhi ipo, jioni ipo, wiki ya kwanza ipo, wiki ya pili ipo, hiyo si ya kukua. Huo ni ugonjwa. Jina lake ni SONONA. Neno hili lina uhusiano na neno kusononeka.

Sonona ni ugonjwa kama malaria ilivyo ugonjwa. Tofauti ni kwamba malaria huonekana katika damu, na sonona huonekana katika mwenendo wa mtu. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba kati ya vijana 7 wenye umri wa miaka 10 hadi 19, kijana 1 ana tatizo la afya ya akili. Sonona ni moja ya matatizo hayo makubwa. Hesabu mwenyewe. Katika darasa la watoto 42, huenda watoto 6 wanaumwa na hakuna anayejua.

DALILI ZA SONONA

Soma dalili hizi moja baada ya nyingine. Mfikirie kijana unayemjua.

1. Ana huzuni karibu kila siku. Au ana hasira karibu kila siku. Kwa vijana, hasa wavulana, sonona mara nyingi huvaa nguo ya hasira.

2. Hafurahii tena yale aliyoyapenda. Alipenda mpira, ameacha. Alipenda kwenda pwani na wenzake, hataki.

3. Hapati usingizi, au analala kupita kiasi.

4. Hali, au anakula kupita kiasi.

5. Amechoka wakati wote, hata bila kufanya kazi.

6. Hawezi kuyashika masomo. Alikuwa anafaulu, sasa anashuka.

7. Anajiona hana thamani. Anasema, "Mimi mkosi," au "Mimi mzigo tu hapa nyumbani."

8. Anakwenda polepole na kusema polepole kuliko zamani. Au hatulii hata kidogo.

9. Anazungumza habari za kufa, au anatamani asingezaliwa.

Pia kijana huyu huweza kulalamika kwamba kichwa kinauma, tumbo linauma, au moyo unakwenda mbio, na zahanati wakapima wasione kitu.

Dalili moja peke yake haitoshi. Jiulize maswali matatu. Je, dalili hizi zimekaa wiki 2 au zaidi? Je, zipo kadhaa kwa pamoja? Je, zimemzuia kusoma, kufanya kazi, kucheza au kukaa na watu? Kama majibu ni ndiyo, usingoje mwezi mwingine.

Lakini dalili ya 9 ni tofauti. Hiyo haingoji wiki 2. Ukiisikia leo, fanya jambo leo.

ANACHEKA, LAKINI NDANI ANAUMWA

Hapa kwetu pwani tunaujua ugonjwa wa muhogo wa michirizi ya kahawia. Ugonjwa huu una hila. Mara nyingine shina na majani ya juu huonekana mazuri. Unapong'oa na kukata ndipo unapoona muhogo umeoza ndani.

Wapo vijana wa namna hiyo. Mbele ya watu anacheka. Anasalimia, anachota maji, anakwenda shule. Usiku analia peke yake. Huyo hutamjua kwa kumtazama tu. Utamjua kwa kumuuliza.

SONONA HUTOKA WAPI?

Hakuna sababu moja. Mara nyingi sababu kadhaa hukutana.

Kwanza, iko ya ukoo. Kama mama, baba au bibi aliwahi kuugua sonona, mtoto anaweza kuipata kwa urahisi zaidi. Hiyo si laana. Ni kama mtu anavyorithi kimo cha babu yake.

Pili, yako mambo mazito ya maisha. Kufiwa. Wazazi kuachana. Kupigwa na kutukanwa kila siku. Kubakwa au kuguswa kwa nguvu. Njaa. Ugonjwa wa muda mrefu. Kufeli mtihani na kuchekwa.

Tatu, ziko ajali za nchi. Mnamo Januari 2020 mafuriko yaliharibu nyumba na mashamba katika wilaya yetu ya Kilwa. Mnamo Mei 2024 kilikuja kimbunga Hidaya na mvua kubwa, barabara ya kwenda Dar es Salaam ikakatika. Wakubwa walihesabu mahindi na nyumba zilizopotea. Watoto nao walipotewa na kitu. Mtoto aliyeona maji yakiingia ndani usiku huweza kubeba hofu hiyo kwa miezi mingi.

Nne, wasichana wana mzigo wao. Wakishabalehe, wasichana huugua sonona karibu mara mbili kuliko wavulana. Vichocheo vya mwili vina sehemu yake. Maisha pia yana sehemu yake. Binti hutoka unyagoni akiwa na miaka 11 au 12, na watu humwambia, "Sasa umekuwa mtu mzima." Lakini moyoni bado ni mtoto. Akiolewa mapema au akipata mimba, huona dunia imemfungia mlango. Tumwambie ukweli. Tangu Novemba 2021 Serikali imeruhusu msichana aliyekatiza masomo kwa sababu ya mimba arudi shuleni. Mlango haujafungwa.

Tano, uko ulevi. Msimu wa korosho mabibo ni mengi, na uraka ni mwingi. Kijana mwenye huzuni hunywa ili asahau. Usiku husahau. Asubuhi huzuni imerudi, tena na deni lake. Bangi nayo ni hivyo hivyo. Pombe na bangi haziponyi sonona. Huziongezea nguvu.

MAMBO YASIYOSAIDIA

Ndugu msomaji, sasa tuambiane ukweli. Tunapomwona kijana wa namna hii, mara nyingi tunafanya mambo yanayomzidishia.

Tunamwita mvivu. Mtu mwenye sonona hajakataa kufanya kazi. Nguvu ya kuanza haipo. Mtu mwenye homa ya malaria hatumwambii, "Inuka ukalime, acha uvivu."

Tunampiga. Fimbo haitoi huzuni. Humfundisha kuficha.

Tunamwambia, "Sisi tulipata shida kubwa kuliko wewe, mbona hatukulia?" Maneno hayo humfunga mdomo. Hatasema tena.

Tunamtangaza. Leo tunamwambia jirani, kesho kijiji kizima kinajua. Kijana anaona haya hata kutoka nje.

Tunamfunga kamba au kumfungia ndani. Hilo ni kosa. Mgonjwa ni mtu, ana haki yake.

Wako wanaosema ni majini. Sitaki kubishana na imani ya mtu. Mpeleke kwa sheikh akamwombee dua, ni vizuri. Dua humpa mgonjwa moyo, na kijana huona kwamba watu wanamjali. Lakini dua na hospitali havigombani. Usimalize miezi 6 na fedha zote za ufuta ukizunguka kwa waganga, na hujafika zahanati hata siku moja. Wahenga walisema: mficha maradhi, kifo humuumbua.

NAMNA YA KUMUULIZA

Watu wengi husema, "Nitaanzaje?" Anza kwa kazi ya mikono. Vijana huona tabu kukaa uso kwa uso na mkubwa na kuulizwa maswali. Lakini mkiwa mnabangua korosho pamoja, mnakuna nazi au mnatengeneza nyavu, maneno hutoka yenyewe.

Chagua mtu anayefaa. Si lazima awe baba. Kwetu mjomba ana nafasi yake. Bibi na babu wana utani na wajukuu. Msichana ana somo wake.

Tuseme mjomba yuko pwani asubuhi, anatengeneza nyavu. Mpwa wake anapita.

KIJANA: Shikamoo, mjomba.

MJOMBA: Marahaba, mpwa wangu. Kaa hapa unishikie wavu.

(Wanafanya kazi kidogo.)

MJOMBA: Naona siku hizi huendi mpirani. Na usiku huli. Sikukuita kukugombeza. Una jambo gani?

KIJANA: Sina kitu, mjomba.

MJOMBA: Haya. Shika na huku.

(Wananyamaza. Mjomba hana haraka.)

KIJANA: Mjomba, naona bora nisingezaliwa.

MJOMBA: Ahsante kwa kuniambia. Neno hilo ni zito. Limeanza lini?

KIJANA: Tangu matokeo ya mtihani yalipotoka.

MJOMBA: Umewahi kufikiri kujiua?

KIJANA: Ndiyo. Mara mbili.

MJOMBA: Nimekusikia. Hujafanya kosa kusema. Sitakuacha peke yako. Twende zahanati leo hii, mimi na wewe. Na usiku utalala kwangu.

Tazama mjomba huyu alivyofanya. Hakupiga kelele. Hakusema, "Astaghfirullah, usiseme hivyo!" Hakutoa hotuba. Alisema aliyoyaona, akauliza, akangoja. Kisha akauliza waziwazi habari ya kujiua.

Watu wengi huogopa swali hilo. Hudhani kwamba ukimuuliza kijana kama anafikiri kujiua, utampa wazo. Si kweli. Waliochunguza jambo hili wameona kwamba kuuliza hakuleti wazo. Kijana huona afadhali kwamba hatimaye mtu ameuona mzigo wake.

BIBI WA ZIMBABWE NA VIJANA WA KENYA

Usidhani kwamba kazi ya kusikiliza ni ya madaktari tu. Wako wenzetu wa Afrika ambao wameonyesha kwamba hata sisi tunaiweza.

Nchini Zimbabwe, mwaka 2006, daktari mmoja wa magonjwa ya akili, Dixon Chibanda, aliona kwamba wagonjwa ni wengi na madaktari ni wachache. Akaenda Mbare, mtaa wa watu wa kawaida katika mji wa Harare. Akawafundisha bibi 14. Wakawekewa mabenchi nje ya zahanati. Mtu mwenye mawazo mengi hukaa kwenye benchi na bibi. Bibi husikiliza. Kisha humsaidia kuchagua shida moja na kutafuta njia ya kuimaliza. Benchi hilo linaitwa Benchi la Urafiki.

Je, lilisaidia? Mwaka 2016 yalitolewa matokeo ya uchunguzi uliofanywa kwa watu wazima 573. Baada ya miezi 6, kati ya kila watu 100 waliopata huduma ya kawaida, 50 walikuwa bado na dalili za sonona. Kati ya kila watu 100 waliokaa na bibi kwenye benchi, waliobaki na dalili walikuwa 14 tu. Bibi hawa si madaktari. Walifundishwa, wakasikiliza.

Nchini Kenya wamefanya hivyo kwa wanafunzi wa sekondari. Mpango wao unaitwa Shamiri. Vijana waliokwisha kumaliza sekondari hufundishwa, kisha hukutana na wanafunzi kwa vikundi, mara moja kwa wiki, kwa wiki 4. Huzungumza juu ya kushukuru, juu ya mambo wanayoyathamini, na juu ya kuamini kwamba mtu anaweza kubadilika. Uchunguzi wa wanafunzi 413 ulitolewa mwaka 2021. Waliokuwa katika vikundi hivyo walipungukiwa na dalili za sonona na hofu kuliko wenzao.

Hata hapa Tanzania kazi imefanyika. Katika miaka ya 2010 uliendeshwa mradi nchini Malawi na Tanzania. Hapa kwetu ulifanyika mkoani Arusha. Vijana walisikiliza vipindi vya redio juu ya sonona, na walimu wa sekondari walifundishwa kuitambua. Mmoja wa waendeshaji lilikuwa Farm Radio International, shirika la redio za wakulima. Basi si ajabu bwana shamba kuzungumza habari hizi.

Sisi Pande tuna bibi. Tuna vijana waliomaliza sekondari. Mabaraza tunayo. Kinachotakiwa ni kujifunza na kuanza.

MPELEKE ZAHANATI

Kusikiliza ni hatua ya kwanza. Hatua ya pili ni zahanati au kituo cha afya kilicho karibu nawe. Mhudumu wa afya wa kijiji chako anaweza kukuongoza.

Zahanati watampima kwanza magonjwa ya mwili. Malaria, minyoo, kichocho na upungufu wa damu huweza kumfanya kijana achoke na kunyong'onyea. Kama ni hayo, atatibiwa hayo. Usione haya kusema yote. Sema, "Amekuwa hivi kwa wiki 3. Hali, halali, na amesema maneno ya kufa." Maneno hayo yatamsaidia tabibu.

Kama shida ni kubwa, atapewa barua ya kwenda hospitali ya wilaya, Kinyonga, Kilwa Kivinje, au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Sokoine, mjini Lindi.

Matibabu ni ya namna mbili. Namna ya kwanza ni mazungumzo na mtu aliyesomea kazi hiyo. Kwa vijana wengi hayo yanatosha. Namna ya pili ni dawa, kwa wale ambao sonona yao ni nzito. Dawa hizi hazifanyi kazi siku moja. Huchukua wiki 2 hadi 4 kabla ya kuonyesha nafuu, na mgonjwa huendelea nazo kwa miezi. Asiache ghafla bila kumwambia tabibu. Na usinunue dawa hizi dukani kwa kubahatisha.

Kama mtoto anateswa na huna pa kwenda, piga simu namba 116. Ni simu ya kusaidia watoto kwa nchi nzima. Hulipi kitu. Mtoto mwenyewe pia anaweza kupiga.

Nyumbani, msaidie kwa mambo madogo. Apate chakula na wenzake, si peke yake. Alale mapema, na simu ikae kwa mama. Atoke nje, atembee, acheze. Kuchangamsha mwili hupunguza huzuni. Mpe kazi ndogo anayoweza kuimaliza, kisha mshukuru.

DAWA ZA SHAMBA ZIFUNGIWE

Hapa nazungumza kama bwana shamba.

Katika nyumba nyingi dawa za kuua wadudu huwekwa chini ya kitanda au pembeni ya jiko. Nyingine hutiwa katika chupa ya soda. Hiyo ni hatari kwa watoto wadogo. Pia ni hatari kwa kijana mwenye sonona.

Fahamu jambo hili. Hamu ya kujiua mara nyingi huja kwa ghafla, kama wimbi, kisha hupita. Kama sumu haipo karibu wakati wimbi linapokuja, mara nyingi kijana hupona, na wengi waliopona waliendelea na maisha yao.

Nchi ya Sri Lanka imeonyesha hivyo. Wakulima wengi wa huko walikuwa wakifa kwa kunywa dawa za shamba. Serikali yao ikapiga marufuku dawa zenye sumu kali zaidi, moja baada ya nyingine. Kati ya mwaka 1995 na 2015 vifo vya watu kujiua vilipungua sana. Palipokuwa na vifo 10, vilibaki 3. Na mavuno ya wakulima hayakupungua.

Kwa hiyo fanya hivi:

• Nunua dawa ya kutosha kazi ya msimu, usilimbikize.
• Iweke katika sanduku lenye kufuli, nje ya chumba cha kulala.
• Ufunguo akae nao mtu mzima mmoja.
• Usihamishie dawa katika chupa ya kinywaji.
• Kama kijana wako anaumwa sonona, iondoe dawa yote nyumbani mpaka apone. Mwekeze ndugu anayekaa mbali.

Na ikitokea ajali, kijana amekunywa dawa, usimpe maziwa, usimtapishe. Mkimbize zahanati mara moja, na chukua chupa ya dawa hiyo ili tabibu aione.

KWA MAKUNGWI NA MANGARIBA

Wazee wetu, kazi yenu ni kubwa. Jandoni na unyagoni mnamfundisha mtoto usafi, heshima na mambo ya mwili. Maneno yenu hayasahauliki. Mtoto huyabeba mpaka anazeeka.

Tunawaomba mwongeze somo moja. Mwambieni mwari hivi: "Utakua, na moyo wako utayumba. Usiogope. Lakini ukiona giza moyoni na lisipite, sema. Kusema si udhaifu. Mimi niko hapa, uje kwangu." Maneno hayo ni machache. Yakitoka kwa kungwi au ngariba, yana nguvu kuliko ya bwana shamba.

KIJANA, HAYA NI YAKO

Na wewe kijana unayesoma gazeti hili, labda unawasomea wazazi wako. Sikiliza.

Kama kwa siku nyingi unaona hufai, hayo si maneno ya akili yako nzima. Ni maneno ya ugonjwa. Sonona hudanganya. Humwambia mtu kwamba hakuna anayempenda, na kwamba mambo hayatabadilika. Vijana wengi walioyaamini maneno hayo walitibiwa wakapona.

Chagua mtu mmoja mkubwa unayemwamini. Mama, mjomba, mwalimu, bibi, muuguzi. Mwambie maneno haya tu: "Siko sawa, naomba tuzungumze." Kama wa kwanza hakukusikiliza, nenda kwa wa pili. Usikae peke yako usiku na mawazo ya kufa.

Na kama ni rafiki yako aliyekwambia siri kwamba anataka kufa, au ameanza kugawa vitu vyake anavyovipenda, siri hiyo usiitunze. Mwambie mkubwa. Huenda rafiki yako atakukasirikia. Afadhali akukasirikie akiwa hai.

TUMALIZE

Ndugu msomaji, mkulima mzuri hatembelei shamba siku ya mavuno tu. Hulitembelea mara kwa mara, na akiona jani halikusimama, huinama akatazame. Watoto wetu wanahitaji hivyo. Ukimwona kijana wako amebadilika, usimwache na usimhukumu. Muulize. Msikilize. Mpeleke zahanati.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Taja mambo matatu ya kawaida kwa kijana anayebalehe.

2. Sonona hukaa kwa muda gani kabla hujasema ni ugonjwa? Dalili gani haingoji muda huo?

3. Kwa nini mjomba alianza na kazi ya nyavu kabla ya kuuliza?

4. Nyumbani kwako dawa za shamba ziko wapi leo? Utaziweka wapi?

5. Katika kitongoji chenu, ni nani ambaye vijana wanamwamini? Je, mnaweza kumwomba ajifunze kazi ya kusikiliza?

Ukimaliza kusoma, usilitupe gazeti hili. Mpe jirani.